Kuondoa Programu za Matangazo Zilizojificha Kwenye Kompyuta: Anza na Kinachozirudisha

Kwenye kompyuta ya dada yangu nilifuta kiendelezi kimoja, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, mara tatu kwa siku moja. Kilijiita msaidizi wa kutafuta bei nafuu. Nakifuta, matangazo yanakatika. Tunazima kompyuta, tunaiwasha, kiendelezi kipo palepale kana kwamba hakikuguswa. Mara ya nne niliacha kukimbizana nacho nikajiuliza: ni nini kinachokirudisha? Kumbe kulikuwa na kazi ndogo iliyopangwa ndani ya Windows, inaamka kila saa na kukagua kama kiendelezi bado kipo. Nilipoiondoa hiyo, kiendelezi nilikifuta mara moja tu na hakikurudi tena.

Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu unaanzia nyuma. Programu ya matangazo ina sehemu unayoiona, na ina mlinzi aliyekaa mahali ambapo hujazoea kupaangalia. Ukimwacha mlinzi utafuta hadi uchoke. Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11. Wenye Mac nimewawekea sehemu yao karibu na mwisho. Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, maana ndivyo wengi wanavyoyaona.

Jua kwanza tatizo limekaa wapi

Fungua Wikipedia. Tovuti hiyo haibebi matangazo ya biashara. Kinachotokea mara mojamoja ni ombi la mchango. Kwa hiyo ukiona pale tangazo la dawa ya kupunguza unene, au maneno ya kawaida ndani ya makala yamepigiwa mistari na ukiyagusa kidirisha kinaruka, basi tangazo hilo halikutoka Wikipedia. Limechomekwa na kitu kilicho upande wako.

Sasa fungua ukurasa uleule kwa kivinjari kingine. Kama unatumia Chrome, jaribu Edge au Firefox. Matangazo yakiwa kwenye kivinjari kimoja tu, kuna uwezekano mkubwa ni kiendelezi au mipangilio ya kivinjari hicho. Yakiwa kwenye vyote, huenda tatizo liko kwenye Windows yenyewe. Halafu chukua simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Ikiwa na simu nayo inapelekwa kwenye kurasa za ajabu, lakini ukihamia data ya simu inatulia, usihangaike na kompyuta kwa sasa: anza na ruta, yaani kifaa kinachokugawia Wi-Fi, ambayo nimeieleza kwenye hatua ya 6.

Kuna watu wengi, nadhani kuliko makundi mengine yote, ambao hawana programu yoyote mbaya ndani. Wanachoona ni vidirisha vidogo vinavyotokea pembeni chini upande wa kulia vikisema "kompyuta yako ina virusi 5" au "kinga yako imeisha muda". Hizo ni arifa za kivinjari. Siku moja walifungua ukurasa ulioandika "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti", wakabonyeza, na tangu hapo tovuti hiyo ina ruhusa ya kuwatumia ujumbe. Ukikitazama kidirisha kwa makini utaona jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyokituma. Kama shida yako ni hiyo, hatua ya 1 peke yake inaweza kuimaliza.

Kabla ya kugusa chochote

Jiulize: matangazo yalianza lini? Jaribu kukumbuka hadi siku yenyewe. Ni baada ya kupakua programu ya kubadili video kuwa muziki? Mchezo uliovunjwa kufuli? Programu ya kusoma PDF iliyotoka kwenye tovuti isiyo ya mtengenezaji? Andika tarehe hiyo kwenye karatasi. Programu za matangazo hubadili majina kila kukicha, lakini tarehe ya kuingia ni vigumu kuificha, na sehemu zake zote huwa zinaingia ndani ya dakika chache. Ukishapata kipande kimoja, tarehe yake itakupeleka kwa vingine.

Mara nyingi hakuna aliyevunja mlango. Kisakinishi kilikuwa kimefunga programu tatu ndani ya moja, kikaweka alama za vema kwenye visanduku vidogo, na mtu akabonyeza "Next" mara tano bila kusoma. Njia nyingine kongwe ni ile ya "sasisha Flash Player yako". Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo ukurasa wowote unaokuambia leo uisasishe unakudanganya.

Mambo manne kabla ya kuanza. Nakili nyaraka na picha zako muhimu kwenye diski ya nje. Andika "Create a restore point" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua, uhifadhi hali ya sasa ya mfumo, ili ukikosea upate pa kurudi. Usiingie benki wala barua pepe kwa kompyuta hiyo hadi umalize. Na usipige namba yoyote ya simu inayoonekana kwenye kidirisha cha onyo, kwa sababu hakuna onyo halali la Windows wala la kivinjari linalokuja na namba ya kupiga.

Tahadhari moja zaidi, na hii inaniuma kwa sababu nimewaona watu wakiumia mara mbili: usitafute jina la tangazo lako mtandaoni kisha ukapakua "kiondoaji" cha kwanza unachokiona. Kurasa nyingi za aina hiyo zimeandikwa kwa ajili ya kuuza. Programu inakagua bure, inakuonyesha matatizo 800 kwa rangi nyekundu, kisha inadai malipo ili iyaondoe.

Hatua ya 1: Nyamazisha arifa

Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani. Kwenye Edge weka edge badala ya chrome. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa zote usizozitambua, na mimi hushauri uchague pia kwamba tovuti zisiweze hata kuomba ruhusa. Kwenye Firefox utazikuta ndani ya "Privacy & Security", chini ya "Permissions".

Hatua ya 2: Panga programu kwa tarehe

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika appwiz.cpl, kisha Enter. Itafunguka orodha ya programu. Bofya juu ya safu iliyoandikwa "Installed On" ili zijipange kuanzia mpya. Tafuta ile tarehe uliyoiandika. Kama programu tatu au nne ziliingia siku hiyohiyo na wewe unakumbuka kusakinisha moja, umeshapata zile zilizodandia. Angalia pia safu ya "Publisher": ikiwa tupu, au ina jina la kampuni usiyoijua, ichunguze zaidi. Ila fahamu kwamba programu halali inaposasishwa nayo inaweza kupata tarehe mpya, kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi kuhukumu.

Usiondoe vitu vinavyoitwa "Microsoft Visual C++ Redistributable", wala vile vya Intel, AMD, NVIDIA au Realtek. Ni sehemu ambazo kompyuta inazihitaji, na zinaweza kuwa nyingi hadi ukashtuka.

Unapoondoa, soma kila kidirisha. Baadhi ya programu hizi huweka kitufe kikubwa cha kijani kinachosema "Keep" au "Repair", na kile cha kuondoa wanakiandika kwa herufi hafifu za kijivu kwenye kona. Wengine hukuuliza maswali mawili kwa namna ambayo "Yes" ya pili inafuta ulichochagua mwanzo. Ukimaliza, pitia pia "Settings", kisha "Apps", kisha "Installed apps", maana zile zilizotoka kwenye duka la Microsoft hazionekani kwenye orodha ya kwanza. Usiwashe upya kompyuta bado.

Hatua ya 3: Mtafute mlinzi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Funga vivinjari vyote.

Bonyeza Windows na R, andika taskschd.msc. Hiki ndicho chombo cha Windows cha kupanga kazi zinazojiendesha zenyewe. Upande wa kushoto bofya "Task Scheduler Library", na katikati utaona orodha. Bofya kazi mojamoja, kisha kwa chini angalia sehemu mbili: "Triggers" inasema inaamka lini, na "Actions" inasema inaendesha nini. Jina la kazi lisikudanganye, kwani yoyote anaweza kuiita kazi yake "Chrome Update". Angalia njia ya faili iliyo kwenye "Actions".

Kwa mfano, kazi halali ya kusasisha kivinjari kwa kawaida inaelekeza kwenye folda ya kampuni yenyewe ndani ya Program Files. Ile niliyoikuta kwa dada yangu ilikuwa na jina la kiungwana, lakini "Actions" yake ilisema powershell (chombo cha Windows cha kuendesha amri zilizoandikwa), ikifuatiwa na neno hidden, halafu mstari wa herufi na namba zisizosomeka, mrefu hadi ukatoka nje ya kidirisha. Programu ya kawaida ya nyumbani haina sababu ya kujificha hivyo. Ishara nyingine ni hizi: kazi inayoendesha wscript au mshta (vyombo vingine vya Windows vya kuendesha amri zilizoandikwa), inayofungua kivinjari moja kwa moja pamoja na anwani ya tovuti, au inayoelekeza kwenye faili lililo ndani ya AppData au Temp lenye jina lisilo na maana.

Ukiitilia shaka kazi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Disable". Usiifute kwanza. Ikipita wiki bila kitu kuharibika, ndipo ufute. Kwa njia hiyo hata ukikosea hujapoteza kitu. Lakini lile faili ambalo kazi ilikuwa inaliendesha, andika kwenye karatasi mahali lilipo, utalihitaji baada ya ukaguzi wa hatua ya 5.

Mbinu hii ya kazi iliyopangwa si ya kubahatisha. Mwaka 2022 ilisambaa programu iliyopewa jina la ChromeLoader, iliyokuja ndani ya mafaili ya ISO (faili moja lililobeba diski nzima) yaliyojifanya michezo na filamu za bure. Ilitumia PowerShell na kazi iliyopangwa ili kuingiza kiendelezi chake kwenye Chrome tena na tena.

Kisha fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Startup apps", na uzime usivyovijua. Mwisho, andika msconfig, fungua "Services", weka alama kwenye "Hide all Microsoft services", ndipo usome zilizobaki. Bila alama hiyo utazama kwenye orodha ndefu na pengine uzime kitu cha maana.

Hatua ya 4: Safisha kivinjari

Sasa mlinzi amelala, unaweza kufuta kinachoonekana. Ingia chrome://extensions, au edge://extensions, au about:addons kwa Firefox. Ondoa kila kiendelezi usichokitumia, hata kama kiliwahi kuwa kizuri. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kiliuzwa kwa mmiliki mpya Juni 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na msimbo wenye madhara. Watumiaji wake hawakubonyeza kitu kipya. Kiendelezi walichokiamini ndicho kilichogeuka mikononi mwao.

Ukikuta kiendelezi ambacho kitufe cha kukiondoa hakibonyezeki, na chini ya menyu ya kivinjari pameandikwa kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika, wakati kompyuta ni yako ya nyumbani, kuna kitu kimejipa mamlaka ya msimamizi. Andika chrome://policy. Ukiona mstari wenye jina ExtensionInstallForcelist, hapo ndipo kiendelezi kinapolazimishwa. Kuna antivirusi ambazo nazo huweka sera zake, kwa hiyo soma kabla ya kufuta. Sera hizi hukaa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows: fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha njia hiyohiyo ndani ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala kwa "Export" kwanza, ndipo ufute folda ya Chrome iliyo chini ya Policies. Kama mkono unatetemeka ukiwa kwenye rejista, iache. AdwCleaner ya hatua ya 5 ina chaguo la kurudisha sera za Chrome kwenye hali ya awali.

Sasa njia za mkato. Bofya kwa kitufe cha kulia ikoni ya kivinjari kwenye eneo-kazi, chagua "Properties", usome kisanduku cha "Target". Kinatakiwa kiishie hivi:

"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe"

Ukikuta baada ya alama ya mwisho ya nukuu pamefuata anwani ya tovuti, au maneno yanayoanza na --load-extension, umepata sababu ya ukurasa ule wa ajabu kufunguka kila asubuhi. Futa kilichofuata baada ya nukuu, kisha "OK". Fanya hivyo kwa kila ikoni ya kivinjari uliyonayo, pamoja na zile zilizobanwa chini kwenye upau wa kazi; watu wengi huzisahau hizo.

Malizia kwa kurudisha mipangilio ya kivinjari kupitia chrome://settings/reset. Alamisho (bookmarks) na manenosiri yako yanabaki. Ikiwa akaunti yako inalandanisha kompyuta mbili, zima usawazishaji (sync) kwenye zote kabla ya hili, usafishe zote mbili, ndipo uuwashe. La sivyo kompyuta ya pili itairudishia ya kwanza kiendelezi ulichokifuta.

Hatua ya 5: Kagua kwa vyombo viwili

Pakua AdwCleaner kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Iendeshe, soma inachokionyesha, ikubali isafishe, kompyuta itajiwasha upya. Halafu fungua "Windows Security", nenda "App & browser control", ndani ya "Reputation-based protection" hakikisha "Potentially unwanted app blocking" imewashwa. Kisha rudi kwenye "Virus & threat protection", "Scan options", uchague ukaguzi wa nje ya mtandao, yaani "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Kompyuta itazima na kukagua kabla Windows haijaamka. Chukulia kama dakika 15. Faida yake ni kwamba mlinzi hana nafasi ya kujitetea, kwa kuwa hajawashwa.

Lile faili uliloandika mahali lilipo? Nenda kaangalie kama bado lipo. Kama vyombo vyote viwili vimeliacha na wewe una hakika ndilo lililokuwa likiendeshwa na kazi ile mbaya, lifute kwa mkono.

Usisakinishe antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zitagombana na kompyuta itakuwa nzito.

Hatua ya 6: Njia ya mtandao

Kwenye "Settings", "Network & internet", "Proxy", kama hujawahi kuweka proksi (kompyuta ya kati ambayo mawasiliano yako hupitia) basi "Use a proxy server" na "Use setup script" ziwe zimezimwa. Halafu fungua kwa Notepad faili linaloitwa hosts, ambalo linaweza kuiambia kompyuta jina la tovuti liende kwenye anwani ipi, lililo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwenye Windows ambayo haijaguswa, mistari yake yote inaanza na alama ya #. Mstari usio na alama hiyo, wenye namba na jina la tovuti maarufu, huenda unakuelekeza kusiko.

Tazama na vyeti, yaani vitambulisho ambavyo tovuti huvitumia kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Kati ya Septemba 2014 na mwanzoni mwa 2015, baadhi ya laptopu za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili iweze kuchomeka matangazo hata kwenye kurasa za https, ilijiandikisha cheti chake kwenye orodha ya vyeti ambavyo Windows inaviamini. Ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwenye laptopu zote, na Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliutoa nje. Yeyote mwenye ufunguo ule, akiwa kwenye Wi-Fi moja na wewe, angeweza kujifanya benki yako. Na kuiondoa programu hakukuondoa cheti. Kwa hiyo fungua tovuti ya benki yako bila kuingia, bofya alama iliyo kando ya anwani, utazame cheti kimetolewa na nani. Fanya hivyo kwa tovuti nyingine mbili. Zote zikiwa na mtoaji mmoja mwenye jina la ajabu, mawasiliano yako yanafunguliwa njiani. Baadhi ya antivirusi hufanya hivyo kwa nia njema, na jina lake utaliona hapo. Kama si antivirusi yako, andika certlm.msc, tafuta jina hilohilo ndani ya "Trusted Root Certification Authorities", uondoe hilo tu.

Ruta: ingia kwenye mipangilio yake, angalia anwani za DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kama zimebadilishwa, badili nenosiri la msimamizi, sasisha programu yake. Ukishindwa kutambua kilichobadilishwa, irudishe kwenye hali ya kiwandani na uisanidi upya.

Kwa wenye Mac

Angalia "Login Items" kwenye mipangilio. Kisha fungua Finder, bonyeza Cmd, Shift na G, uingie ~/Library/LaunchAgents, halafu /Library/LaunchAgents na /Library/LaunchDaemons. Hapo ndipo mlinzi wa Mac anapokaa, kama faili linaloishia na .plist. Tafuta pia wasifu wa usanidi ndani ya mipangilio chini ya "Device Management" au "Profiles". Kwenye Mac yako binafsi, ambayo haikutolewa na kazini wala shuleni, kwa kawaida hapatakiwi kuwa na wasifu wowote.

Baada ya usafi

Badili manenosiri, ukianza na barua pepe, na ikiwezekana uyabadilie kwenye kifaa kingine. Usiseme "ni matangazo tu". Mwaka 2020 Microsoft ilieleza juu ya Adrozek, iliyoonekana kwenye zaidi ya kompyuta 30,000 kwa siku ilipokuwa imepamba moto mwezi Agosti. Kazi yake ilikuwa kuchomeka matangazo kwenye matokeo ya utafutaji, lakini kwenye Firefox iliiba pia manenosiri yaliyohifadhiwa. Ukishabadili, tumia chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote.

Washa upya kompyuta mara mbili. Iache ikae imewaka saa moja au mbili, maana kazi iliyopangwa huenda haikupata muda wake wa kuamka. Rudi Wikipedia, rudi chrome://extensions, rudi taskschd.msc. Fanya hivyo tena baada ya siku mbili.

Ikirudi hata baada ya yote haya, usiendelee kuipigania kwa wiki nzima. Nenda "Settings", "System", "Recovery", "Reset this PC"; kwenye Windows 10 "Recovery" iko chini ya "Update & Security". Chagua kubaki na mafaili yako, na uchague "Cloud download" ili Windows mpya itoke kwa Microsoft badala ya kujengwa kutoka kwenye diski yako. Inaweza kula zaidi ya GB 4 za data, kwa hiyo usiianze kwa bando dogo. Programu zote zitaondoka. Utakapozirudisha, chukua kila moja kwa mtengenezaji wake, chagua "Custom" badala ya "Recommended", na soma kila kisanduku kabla ya kubonyeza "Next".